Nahashon na Msafara wa Kumwita Odera

Siku ya kwanza kukutana na Nahashon Opicho, alininyang'anya beseni la mayai. Nalisema hili mapema msije mkadhani namsifu kwa sababu ni rafiki yangu. Nilikuwa nachuuza mayai ya kuchemsha kando ya barabara inayoteremka Gikomba, naye alikuwa kanjo, askari wa jiji, mrefu kama mlingoti wa stima, na swali lake lilikuwa moja tu: "Mama, kibali kiko wapi?" Hakutukana wala hakumsukuma mtu. Hongo pia hakula, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, maana kanjo mla hongo mnaelewana haraka na biashara inaendelea. Huyu alitaka karatasi. Mayai yangu yakapanda gari lao pamoja na kachumbari yake.

Miaka ikapita, akastaafu. Mimi nikahamia ploti moja ya Huruma, ghorofa ya tatu, na nilipomwuliza mwenye nyumba keateka, yaani mtunza ploti, ni nani, akanionyesha mlingoti uleule, sasa una mvi. Kazi ilikuwa imebadilika lakini mtu hakubadilika. Alibandika sheria ngazini: msianike nguo hapa, msimwage maji pale, mgeni wa kulala aandikishwe. Nikampa jina la Bwana Kibali. Akanuna wiki nzima, halafu akazoea, na siku nyingine ungesema analipenda.

Nahashon alikuwa na ndugu mmoja tu aliyebaki wa tumbo moja, Odera, mdogo wake. Odera aliishi Mukuru kwa Reuben na mkewe Phelister, na alikuwa kibarua katika kiwanda cha vyuma huko Industrial Area. Kelele za vyuma zilikuwa zimemharibu: sikio moja lilikufa kabisa, la pili likawa linachechemea. Akija Jumapili kumsalimia kakake, ilibidi Nahashon apaze sauti mpaka mishipa ya shingo imtoke, na ploti nzima tukawa tunajua habari zote za kwao: ng'ombe gani amezaa, shangazi gani amekasirika. Siku hiyo moja ya juma ndiyo pekee niliyomwona Nahashon akivunja sheria yake ya kelele.

Kisha Odera akafa. Rundo la vyuma lilimwangukia stoo akiwa kazini, na hakufika hospitali. Mwezi huo mji ulikuwa na homa ya maandamano, vijana barabarani kila wiki, polisi wamejaa kila kona, na kifo cha kibarua mmoja hakikumshtua yeyote isipokuwa sisi. Phelister akaletwa Huruma, tukapiga hema uani, matanga yakaanza. Wazee wa kwao, huko magharibi, wakapanga siku: basi litoke Nairobi na mwili Ijumaa mchana, maziko Jumamosi. Kaburi la kwao huchimbwa usiku wa kuamkia maziko, na likishachimbwa haliwezi kulala wazi bila mwenyewe. Kwa hiyo siku hiyo haikuwa ya kusogezwasogezwa.

Lilibaki jambo moja. Kwa watu wa Nahashon, mtu aliyekufa kwa ajali mbali na nyumbani hawezi kuchukuliwa mochari na kupelekwa hivihivi. Ni lazima afuatwe pale alipofia, aitwe kwa jina, aambiwe waziwazi kwamba sasa safari ni ya nyumbani. Usipofanya hivyo utazika mwili, mwenyewe atabaki palepale akirandaranda. Na si kila mtu anaweza kuita. Anayeita ni mwanamume wa tumbo moja na marehemu, na wengine huja nyuma yake wakiimba. Mimi ni Mkamba, si desturi yangu, lakini niliuona uso wa Phelister alipokuwa akinieleza, na toka hapo sikuuliza kama ni kweli au si kweli. Aliniambia, "Kaluki, siwezi kumwacha mume wangu kwenye stoo ya vyuma."

Wanakamati wa matanga walitaka mambo yaende kimyakimya. Ijumaa alfajiri, watu kama hamsini, tuteremke hadi kiwandani, tuimbe, aitwe, turudi. Burale, mwenye duka la chini ambaye wazazi wake walikuja nchini wakikimbia vita, alikuwa ameleta sukari na maziwa, akakaa akatusikiliza. Akasema jambo moja tu kabla ya kuondoka: "Mzee Nahashon, kwetu tulifunzwa hivi: askari usimuulize kitu ambacho hataki kujua."

Nahashon akatikisa kichwa. "Watu hamsini barabarani wakiimba ni msafara. Msafara una sheria yake. Mimi nimewafukuza watu miaka yote kwa kukosa karatasi, leo niongoze watu bila karatasi?"

Nilikasirika, na nikasema. "Bwana Kibali, mtu anaenda kulilia ndugu yake, naye unamtafutia leseni?"

"Mama Kaluki, tukipatikana bila taarifa watatupiga virungu na mwili bado uko mochari. Utakuwa umemsaidia nani?"

Hapo hakuwa mjinga. Majuma hayo virungu havikuwa hadithi. Akaketi akaandika kwa mkono wake, kwa mwandiko wa kanjo, kila kitu kinyoofu: mimi Nahashon Opicho, wa ploti fulani Huruma, nyumba fulani, ndiye mwandalizi, Ijumaa asubuhi, watu hamsini, barabara hii mpaka ile, nyimbo za maombolezo. Jumatano akavaa koti lake la kanisani akaenda kituo cha polisi. Alijipalia makaa mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri.

Mkuu wa kituo aliitwa Kabiru. Nahashon alinieleza mazungumzo yao neno kwa neno, maana hayo ndiyo aliyokuwa akiyatafuna siku zile zote.

Kabiru aliisoma karatasi, akaipiga muhuri, akaagiza iingizwe kwenye kitabu cha matukio. Ndipo akasema, "Mzee, pole kwa msiba. Lakini sheria inataka taarifa siku tatu kabla, si chini ya hapo. Leo ni Jumatano."

"Afande, siku ya maziko ilipangwa na wazee jana."

"Naelewa. Pili, Ijumaa hiyo barabara hiyohiyo ina msafara mwingine. Wafanyakazi wa viwanda walileta taarifa wiki jana. Siwezi kuruhusu miwili njia moja. Leta siku nyingine, Jumanne hivi."

"Jumanne ndugu yangu atakuwa ameshazikwa."

Kabiru akasema kwa upole, na nadhani upole wenyewe ndio uliomuumiza Nahashon: "Mngeenda tu, mzee, watu wachache, asubuhi na mapema, nani angewauliza? Lakini sasa umeniambia. Siwezi kusema sikujua."

Nahashon akaomba arudishiwe karatasi. Haiwezekani, ina muhuri. Akaomba ihesabiwe kama hakuileta. Haiwezekani, imo kitabuni. Basi watu wasiende na yeye aende peke yake?

"Mtu mmoja si msafara," Kabiru akasema. "Lakini wewe si mtu mmoja. Wewe ni mwandalizi. Jina lako na nyumba yako ninavyo hapa. Ukionekana barabara ile Ijumaa na watu watatu wakakufuata, jiwe lolote litakalorushwa asubuhi hiyo ni lako, hata likirushwa na wale wa viwanda. Nitakuweka ndani, na Jumamosi hutazika."

Halafu akapata wazo ambalo yeye aliliona la huruma. Ijumaa Nahashon aje kituoni mapema, akae kwenye benchi mbele ya kaunta. Basi la maiti likitoka mochari lipitie hapo limchukue. Akikaa kwa amani, amepanda, ameenda zake. Wala si mahabusu, ni mgeni tu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, ndivyo wasemavyo, na siku nyingine ningecheka mpaka nianguke. Beseni langu la mayai lilikuwa limelipwa pamoja na riba. Lakini aliporudi jioni ile na kukaa chini ya hema na koti lake la kanisani bado limefungwa vifungo vyote, sikupata kicheko popote. Watu walimzunguka wakamshauri. Mmoja akasema asiende kituoni, aende kiwandani. Akajibu, watamkamata, nani atatupa udongo wa kwanza? Mwingine akasema wasubiri Jumanne. Akajibu, kaburi. Mwingine akasema basi wasimwite, Mungu anajua. Hapo Phelister akainuka akaingia ndani ya nyumba. Kila mlango uliotajwa, Nahashon alikuwa ameshausukuma njia nzima ya kurudi nyumbani. Alhamisi nilimwona akipanda na kushuka ngazi, akizisoma sheria zake mwenyewe pale ukutani kana kwamba huenda kulikuwa na moja aliyoisahau.

Aliyepata njia ni Phelister. Usiniulize mwanamke aliyefiwa hupata wapi akili ya namna hiyo. Alisema, "Shemeji, afande amesema mtu mmoja si msafara. Mimi na Kaluki ni wawili, na hatuna jina kwenye karatasi. Tutaenda sisi na koti la kazi la Odera. Wewe utaita kwa simu."

Nahashon akauliza, "Wazee watasema nini?"

"Wazee hawakukaa na Odera Mukuru. Mimi ndiye niliyekaa naye."

Ijumaa asubuhi wafanyakazi walikuwa tayari wamejaa barabara kuu ya Industrial Area na matawi na filimbi, polisi wamejipanga ng'ambo. Tukazunguka kwa vichochoro vya nyuma, wanawake wawili wenye leso, na hakuna aliyetuangalia mara mbili. Getini tulimkuta soja wa kiwanda, mtu wa makamo, ambaye alimjua Odera. Hakutufungulia, alisema atapoteza kazi. Lakini alituonyesha sehemu ya ukuta wa nje iliyo mgongoni mwa stoo. "Ni hapa hasa," akasema. "Upande wa pili wa haya mabati." Kisha akarudi getini akatupa mgongo, na hiyo ndiyo heshima aliyokuwa nayo ya kutoa.

Phelister akalitandika lile koti chini, kando ya ukuta. Lilikuwa bado na mafuta ya mashine kwenye mikono. Nikatoa simu yangu, kabambe, ile ya bei rahisi ya vitufe, ambayo spika yake huwasumbua majirani, nikampigia Nahashon.

Akapokea. Nyuma yake tulisikia kituo: redio za polisi, viti vikiburutwa, mtu akilia kuhusu pikipiki yake. Siku ile walikuwa na kazi kwelikweli, na mkubwa wa Kabiru kutoka makao makuu alikuwa amekuja kuangalia jinsi maandamano yanavyosimamiwa.

"Tuko ukutani," nikamwambia. "Stoo iko hapa mbele yetu. Ita."

Halafu tukasikia sauti ndogo, ya mtu anayeongea na kiganja chake. "Odera. Odera, ni mimi."

Phelister akainama karibu na simu. "Shemeji, hata mimi sikusikii."

"Nimekatazwa kupiga kelele," akanong'ona. "Afande yuko hapa. Mkubwa wake yuko hapa. Basi limeshatoka mochari, Phelister. Nikikaa kimya kidogo tu nitapanda."

"Unamjua Odera," Phelister akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka lakini sauti yake haikuyumba. "Unajua masikio yake. Ukimnong'oneza hatakuja."

Nilikuwa nimeishika ile simu juu ya ukuta kwa mikono miwili, na nakwambia kweli, nilitaka kuikata. Nilimhurumia yule mzee kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu. Maisha yake yote alikuwa upande wa sheria, na sasa sheria ilikuwa imemkalisha benchi, imemwekea basi nje, na ilichomtaka ni anyamaze tu. Mtu yeyote angenyamaza. Mimi ningenyamaza.

Tukasikia benchi likilia, kama mtu mzito ameinuka.

"ODERA!"

Spika ya simu ilipasuka. Mbwa wa kiwanda akaanza kubweka. Ilikuwa ile sauti ya Jumapili, ile ya mishipa ya shingo, iliyokuwa ikitupa habari za ng'ombe ghorofa ya tatu.

"ODERA! Odera, wadhi dala! Wadhi dala!"

Twende nyumbani. Miaka ya Huruma ilikuwa imenifundisha hilo angalau. Yaliyofuata yalinipita, lakini nilisikia jina la mama yao, na la baba, na la kijiji, yakitajwa moja baada ya jingine, na Phelister akiitikia kila jina kwa kichwa. Katikati tukaanza kusikia wengine. "Wewe mzee! Nyamaza!" Kisha sauti nzito ambayo hatukuijua, nadhani ndiyo ya mkubwa: "Huyu anaita watu gani?" Na Kabiru akijibu, maskini, "Anamwita marehemu, afande." Nahashon hakukoma. Aliita mpaka tuliposikia viatu na vurugu, na simu ikaanguka sakafuni, lakini hata hapo tulimsikia kwa mbali, akivutwa, akiita bado. Halafu laini ikakatika.

Phelister akaliokota koti, akalikunja taratibu, akalikumbatia. "Twende," akasema, na hakuwa ananiambia mimi.

Basi lilituchukua njiani, na lilipofika mbele ya kituo, jeneza juu na sisi ndani, Kabiru alitoka mwenyewe kutueleza. Alisimama mlangoni pa basi bila kofia. Mkubwa wake alikuwa ameagiza mzee awekwe ndani mpaka Jumatatu kwa kuzua fujo kituoni. Yeye alikuwa amejaribu. "Nilimwambia asubuhi," akasema mara mbili, kama mtu anayejitetea kwa mama yake. Phelister alimwomba. Mimi sikuomba, nilimtukana, na baadaye nilijuta kidogo, si sana. Dereva akasubiri kadiri alivyoweza, lakini kibali cha kusafirisha maiti kilikuwa na saa yake pia, na njia ilikuwa ndefu. Akapiga honi, kumuaga mtu aliyekuwa nyuma ya ukuta ule. Nikashuka nibaki, ili mzee asikose hata mtu mmoja wa kumletea chai.

Jumatatu walimwachilia bila kumfikisha kortini. Alitoka ameshikilia suruali kwa mkono kwa sababu mshipi ulikuwa umepotea, akatembea nami mpaka Huruma. Hema lilikuwa limeshaondolewa. Akakaa kwenye ngazi, nikampa uji. Ndipo Phelister akapiga simu kutoka kijijini.

Nikaiweka kwenye spika. Alitueleza kwamba maziko yalienda vizuri, watu walikuwa wengi, mvua haikunyesha. Lile koti liliingia kaburini na mwenyewe. Ulipofika wakati wa udongo, kasisi akamwita ndugu wa marehemu asogee. Hakuna aliyesogea. Kasisi hakuwa ameambiwa, akaita tena. Wazee wakaangalia chini. Mmoja akataka kushika sepetu, na Phelister akamzuia.

"Nikageukia huko Nairobi," akasema, "nikakuita, shemeji. Mbele ya watu wote. Mwanamke haiti, najua, wamenisema mpaka leo. Niliita kwa nguvu zangu zote, Nahashon, Nahashon, njoo umzike ndugu yako. Halafu tukangoja kidogo. Halafu nikautupa ule udongo kwa jina lako." Nyuma yake tukasikia kuku wa huko. "Ilikuwa saa nane hivi, Jumamosi. Ulinisikia?"

Jumamosi saa nane Nahashon alikuwa seli, amesimama kwa zamu kwa sababu watu walikuwa wengi na nafasi ya kukaa haikutosha. Alikuwa amenieleza hivyo njiani, na ndilo pekee alilonieleza. Alikitazama kikombe cha uji. Na mzee yule ambaye hakuwahi kuandika neno lisilo kweli kwenye karatasi yoyote akaiinamia simu.

"Nilisikia," akasema. "Nilikuja."